Maswali ya Wasomaji: Nikikaa ni mama mbaya, nikiondoka ni mama mbaya

Barua tatu tunazozijibu mwezi huu zimeandikwa na wanawake ambao hawajuani, lakini ukizisoma kwa kufuatana utadhani zimetoka katika nyumba moja. Tumeondoa majina na kila jambo ambalo lingeweza kumtambulisha mwandishi.

Swali la kwanza

Shikamoo dada. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika ndoa, na nina watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Mume wangu alianza kunipiga nilipokuwa na mimba ya huyu wa kwanza. Hapigi kila siku. Inaweza kupita miezi miwili nyumba imetulia, halafu jambo dogo tu, simu niliyochelewa kupokea au shati ambalo halikupigwa pasi, likaamsha kila kitu. Watoto hajawahi kuwainulia mkono. Anawapeleka shule, anawanunulia wanachotaka, na kila anayemfahamu husema kwamba wanangu wamepata baba. Mara mbili nimeondoka, na mara mbili wazee wamekaa kikao wakanirudisha, wakinikumbusha kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na kwamba mama mwenye akili huvumilia kwa ajili ya watoto wake.

Mwezi uliopita alinikaba koo kwa mikono miwili mpaka nikaona giza. Nilipozinduka nilimkuta analia na kuniomba msamaha. Lakini kilichonifanya niandike ni binti yangu. Nimegundua kwamba akisikia ufunguo wa baba yake mlangoni, humshika mdogo wake mkono, humwingiza chumbani, kisha hufunga mlango taratibu huku ameukandamiza mkono wa kitasa ili kisitoe mlio. Hakuna aliyemfundisha. Dada yangu wa tumbo moja ananiambia kwamba mama anayewaacha watoto waone mambo hayo ni mama mbaya. Mume wangu anasema nikiondoka sitawaona tena, kwa kuwa hakuna mahakama itakayompa watoto mwanamke aliyevunja ndoa yake. Nikikaa ni mama mbaya, nikiondoka ni mama mbaya. Nifanye nini?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na koo lako, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri aya mbili tatu na hilo haliwezi. Kukabwa koo hakufanani na kofi. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2008 waliwalinganisha wanawake waliokuwa wakipigwa na wenzi wao, wakaona kwamba yule aliyewahi kukabwa koo akanusurika alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa na mwenzi huyo kuliko yule ambaye hakuwahi kukabwa. Tafadhali nenda kwa daktari hata kama mwezi umepita na shingoni hakuna alama, kwa maana mishipa ya shingo inaweza kuumia bila ngozi kuonyesha chochote, na madhara yake yanaweza kujitokeza siku nyingi baadaye. Mweleze waziwazi kwamba ulikabwa na ukapoteza fahamu. Mwambie kama sauti imebadilika, kama unameza kwa shida, au kama kichwa kinakuuma kuliko kawaida. Omba maelezo hayo yaandikwe. Karatasi hiyo itakufaa siku utakaposimama mbele ya hakimu, hata kama leo huwazi kabisa kufika huko.

Jambo la pili pia ni la usalama. Wanaofanya kazi na wanawake wanaopigwa wanajua kwamba wakati wa hatari kuliko wote ni ule ambao mwanamke anaondoka au ametangaza kwamba anaondoka, kwa sababu ndipo mwanamume anapoona utawala wake unamponyoka. Kwa hiyo usimtishie kwamba utaondoka, usimwage mpango wako katikati ya ugomvi, na usiutafute msaada kwa simu ambayo yeye huichungulia. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, ukubaliane naye neno ambalo ukilituma atajua kwamba aite polisi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, dawa na akiba yoyote uliyo nayo viwe mahali unapoweza kuvichukua kwa dakika moja, au viwe tayari kwa mtu huyo. Zungumza na shirika la kutetea wanawake au na mwanasheria kabla ya kutoka, hasa kuhusu namna ya kuondoka na watoto, kwa sababu sheria za nchi hutofautiana na kosa dogo la utaratibu linaweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kukuchapia.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Lisome tena utaona kwamba wazee, dada yako, mume wako na hata wewe mwenyewe mmekaa baraza kumjadili mama. Nyote wanne mnauliza kama ni mzuri au mbaya, avumilie kiasi gani, aondoke lini. Katika barua nzima hakuna hata mtu mmoja anayeuliza mwanamume anayemkaba koo mama wa watoto wake ni baba wa namna gani. Yeye amefaulu mtihani wa ubaba kwa kupeleka watoto shule na kununua vitu, mambo ambayo wewe unayafanya kila siku bila mtu kuyahesabu. Kumpiga mama wa watoto ni jambo analowafanyia watoto. Baba anayevunja mwili na heshima ya mtu ambaye watoto wanamtegemea kwa chakula, kwa usingizi na kwa faraja hawezi kuitwa baba mzuri mwenye kasoro katika ndoa, kana kwamba ndoa yake na ubaba wake vinaishi katika nyumba mbili.

Mwaka 1976 mwandishi Mmarekani Adrienne Rich alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaita kwa jina moja. Kuna umama ambao ni uhusiano wa mwanamke na watoto wake, na kuna umama ambao ni taasisi, yaani kanuni ambazo jamii inayotawaliwa na wanaume imezijenga juu ya uhusiano huo ili uendelee kuwa chini ya mamlaka yake. Nimeona maelezo hayo yakiwasaidia wanawake wengi kupumua. Mapenzi yako kwa watoto wako ni yako, na hakuna anayeyatilia shaka. Lakini unapoambiwa uvumilie kipigo kwa ajili ya watoto, hiyo ni taasisi inazungumza, na imeazima sauti ya mapenzi yako ili usiitambue.

Wazee huenda wanakutakia heri, na sitaki kuwavunjia heshima. Methali yao, hata hivyo, imewekwa mahali pasipo pake. Fahali wawili ni wanyama wenye nguvu zinazokaribiana, na kila mmoja ana pembe. Katika nyumba yako mwenye pembe ni mmoja. Ukiliita ugomvi wa watu wawili jambo ambalo mtu mmoja anamfanyia mwingine, umekwisha kuligawa kosa nusu kwa nusu kabla hata ya kikao kuanza. Ndiyo maana mkataba wa Baraza la Ulaya uliofunguliwa Istanbul mwaka 2011 unazikataza nchi zilizouridhia kulazimisha usuluhishi katika kesi za ukatili dhidi ya wanawake. Usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema bila hofu, na wewe katika vile vikao viwili ulikuwa unalipima kila neno kwa usiku utakaofuata. Una haki ya kukataa kikao cha tatu. Wakikuambia kwamba unatoa nje siri ya ndani, itaje Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo nchi za Afrika zenyewe ziliiandika, nayo inataka ukatili dhidi ya wanawake upigwe marufuku uwe umefanyika hadharani au faraghani.

Nimemfikiria sana binti yako na kile kitasa. Mtoto wa miaka tisa amejifunza kwamba chuma kina sauti, kwamba sauti inaweza kuleta hatari, na kwamba mdogo wake ni jukumu lake. Huyo hajafichwa kitu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1998 kuhusu mateso ya utotoni na afya ya ukubwani uliorodhesha kushuhudia mama akipigwa miongoni mwa mateso yenyewe, na sheria ya mwaka 2021 inayotumika Uingereza na Wales inamhesabu mtoto anayeona, kusikia au kupatwa na athari za ukatili huo kuwa mwathirika kwa haki yake mwenyewe. Zungumza naye. Mwambie kwamba umeona anavyomtunza mdogo wake, kwamba kinachotokea si kosa lake, na kwamba kazi ya kukuokoa si yake. Ugomvi ukianza, yeye na mdogo wake wakae mbali nawe, na kama upo mlango wa nje wanaoweza kuufikia kwa usalama, waende kwa yule mtu unayemwamini.

Lakini elimu hii kuhusu watoto ina makali pande mbili, na dada yako amekushika upande usio wake. Katika jiji la New York maofisa wa ustawi wa watoto waliwahi kuwachukua watoto kutoka kwa mama zao kwa sababu tu kwamba mama alipigwa na mtoto akaona. Akina mama wakaenda mahakamani. Mwaka 2002 jaji wa mahakama ya shirikisho aliuona utaratibu huo kuwa unavunja katiba, na mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaamua kwamba mama kupigwa mbele ya mtoto wake peke yake si ushahidi kwamba amemtelekeza mtoto. Nawashukuru wanawake wale kutoka moyoni. Walikataa kuadhibiwa mara mbili kwa ngumi ya mtu mwingine, na wewe unaruhusiwa kukataa vilevile, hata mbele ya ndugu yako wa tumbo moja.

Kuhusu tishio la kunyang'anywa watoto, lichukulie kwa uzito, ila lijue lilivyo. Mwaka 1984 watetezi wa mji wa Duluth, Marekani, waliwakusanya wanawake waliopigwa wakawauliza waume zao walikuwa wanatumia nini kuwatawala, kisha wakachora majibu yao katika umbo la gurudumu. Kuwatumia watoto ni kipande kizima cha gurudumu hilo. Mume wako si wa kwanza kuitumia mbinu hiyo. Siwezi kukuahidi kwamba kila mahakama itakuwa ya haki. Mwaka 2023 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, Reem Alsalem, alilieleza Baraza la Haki za Binadamu jinsi mahakama za familia zinavyopuuza ukatili wa mume na kumgeuzia kibao mama anayeutaja, kwa madai kwamba anawajaza watoto chuki dhidi ya baba yao. Kwa hiyo nenda na ushahidi. Tarehe, picha, karatasi ya daktari, ujumbe wowote wa kuomba msamaha aliokutumia baada ya siku ile. Ujumbe kama huo usiufute, mdogo wangu, hata kama kuusoma kunakuumiza.

Swali la pili

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, mama wa mwanamume anayempiga mkewe. Mkwe wangu alikimbia na wajukuu wiki tatu zilizopita. Alinipigia simu usiku akaniambia walipo, akaniomba nisimwambie mtu. Mwanangu anakuja kila jioni, anakaa sebuleni na kuniuliza, na mimi namtazama nikimwona yule mtoto niliyemnyonyesha. Majirani wanasema ni malezi yangu. Marehemu mume wangu alikuwa ananipiga, na mwanangu aliona. Je, ni mimi niliyemharibu? Na je, nimwambie mkewe alipo?

Jibu

Shikamoo mama. Usimwambie. Nakujibu kwa ufupi hivyo kwa sababu najua jioni ya leo atakuja tena, na kwamba atakapolia itakuwia vigumu kuikumbuka hoja ndefu. Huna haja ya kubuni uongo. Mwambie kwamba mkewe na watoto wako salama na kwamba hutalizungumzia zaidi. Akianza kupekua simu yako au kukutisha, basi umekwisha kuyaona kwa macho yako yale ambayo mkweo alikuwa anayaona, na wewe pia unastahili ulinzi. Usikae naye peke yako.

Kuhusu lawama, nitasema kwa uchungu kidogo, na uchungu huo hauelekezwi kwako. Mume wako alikupiga, na wakati ule hakuna aliyemuuliza. Leo mwanao anapiga, na anayeulizwa ni wewe. Mwanamke anapigwa katika ujana wake, kisha anashtakiwa uzeeni kwa sababu alipigwa mbele ya mtoto! Ni kweli kwamba mtoto anayekua akiona kipigo hujifunza kitu kutokana nacho. Lakini watoto wengi waliolelewa katika nyumba za aina hiyo wamekua bila kumwinulia mtu mkono, na wengine wamekuwa watu wapole kuliko wote kwa sababu wanakumbuka. Mwanao ni mtu mzima. Nadhani hampigi bosi wake anapokasirishwa kazini, na hampigi mtu mwenye nguvu kumshinda. Anajua kujizuia anapotaka, na anajua nani wa kumshukia. Alichokichukua kwa baba yake ni ruhusa, na ruhusa hiyo ameithibitisha mwenyewe kila alipokunja ngumi.

Unaweza kumpenda bila kumfunikia. Tumezoea kusema funika kombe mwanaharamu apite, lakini kombe hili limefunikwa miaka mingi mno katika familia yenu. Sema naye mchana, mbele ya mtu mwingine, umwambie maneno ambayo huenda hukuwahi kuyatamka nyumbani kwako: baba yako alinipiga, alikosea, na wewe unakosea. Ukiulizwa na polisi au mahakama, sema uliyoyaona. Wajukuu wapokee pale mama yao atakapoona ni salama, wala usiwatumie kumbembeleza arudi.

Na alama ulizo nazo wewe, mama, za mumeo aliyekwisha kufariki, bado ni alama. Kama kuna kikundi cha wanawake au mshauri unayeweza kumfikia, nenda kwa ajili yako mwenyewe.

Swali la tatu

Shikamoo mama. Nina miaka ishirini na mbili. Baba alikuwa anampiga mama mpaka alipotuhama mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tano. Mama hakuondoka hata mara moja. Nikimkumbuka wakati ule namwona amelala kwenye mkeka chini, mlangoni mwa chumba chetu sisi watoto, kama mgeni katika nyumba yake. Nampenda lakini nina hasira naye, na hasira hiyo inanitia aibu, hasa kwa kuwa mimi mwenyewe ni mjamzito sasa na naogopa kuwa kama yeye. Kwa nini hakututoa pale?

Jibu

Marahaba mwanangu. Hasira yako haina haja ya aibu. Ulikuwa mtoto na ulihitaji kutolewa pale, na hukutolewa. Ningependa tu ujiulize ni nani hasa aliyeshindwa kukutoa. Mwanamke anayetaka kuondoka na watoto anahitaji mahali pa kulala, fedha zilizo mkononi mwake mwenyewe, polisi wasiomrudisha na sheria inayomtambua. Vitu hivyo ni vipya kuliko tunavyodhani. Nyumba ya hifadhi iliyofunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971 hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa za mwanzo za aina yake katika zama hizi, na hata Uingereza yenyewe iliendelea mpaka mwaka 1991 kushikilia kwamba mume hawezi kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Shirika la Afya Duniani lilipotoa makadirio yake mwaka 2021 lilisema kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amepatwa na ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yake, mara nyingi kutoka kwa mwenzi wake. Wote hao hawawezi kuwa wameshindwa kwa sababu ya udhaifu wa moyo.

Kuhusu mimba yako, mweleze mkunga au daktari anayekuhudumia kuhusu ulikotoka, na umjibu kwa ukweli akikuuliza kama nyumbani uko salama. Hofu ya kuwa kama mama yako huenda ikapungua utakapomjua vizuri zaidi, kwa maana unachokijua mpaka sasa ni kile alichokiona mtoto.

Nimelirudia mara kadhaa lile neno lako kuhusu mkeka. Umeandika kwamba alilala mlangoni kama mgeni. Mlango ule ulikuwa wa chumba chenu, na mtu ambaye angetaka kuingia usiku angelazimika kwanza kumkanyaga yeye. Utakapokwenda kumwona, usianze kwa kumuuliza kwa nini hakuondoka, kwa sababu swali hilo ameulizwa na kila mtu. Muulize kuhusu mkeka.